Breki zinapokataa mteremkoni: Anayopaswa kujua dereva wa gari linalovuta trela

KILA mara lori lenye trela linapopoteza mwelekeo na kuua watu barabarani humu nchini, maelezo ya kwanza huwa mafupi na yale yale: breki zilifeli.

Maelezo hayo huacha picha kwamba breki ni kitu kinachokatika ghafla kama kamba, na kwamba dereva na mwenye gari hawakuwa na uwezo wa kuzuia maafa. Ukweli ni kwamba mara nyingi breki huanza kufa kilomita kadhaa kabla ya ajali, na pengine wiki kadhaa kabla ya safari yenyewe. Dalili huwepo, ila hupuuzwa.

Kenya imelipa gharama kubwa kwa kupuuza huko. Mnamo Desemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali inayoshika moto upesi lilipoteza mwelekeo eneo la Karai, karibu na Naivasha, likagonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 waliangamia. Mnamo Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki pale basi na lori vilipogongana eneo la Migaa, katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret.

Jioni ya Juni 30, 2023, lori la makontena liliacha njia katika makutano ya Londiani, katika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, likawavamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Chanzo cha kila mojawapo ya mikasa hiyo kina maelezo yake, na si haki kuibebesha yote sababu moja. Hata hivyo, inafanana kwa jambo moja: gari zito lililokuwa likienda bila kudhibitiwa, mahali ambapo watu hawakuwa na pa kukimbilia.

Ndiposa kila anayeendesha gari linalovuta trela, liwe lori la tani nyingi au pikapu iliyofungiwa kitoroli cha kubebea ng'ombe, anapaswa kuelewa jinsi breki zinavyofanya kazi, kwa nini hukataa, na lipi la kufanya katika sekunde chache zinazobaki.

Adui ni joto

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anapokanyaga pedali, viatu vya breki husukumwa na kusugua dramu inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo hupunguza kasi, na nguvu yote ya mwendo hugeuka kuwa joto ambalo sharti liondoke kupitia hewani.

Katika barabara tambarare, joto hilo hupata muda wa kupoa kati ya kusimama kumoja na kwingine. Mteremkoni hali ni tofauti, kwa kuwa uzito wa gari wenyewe huongeza kasi kila wakati na breki hazipati nafasi ya kupumua.

Hesabu rahisi inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Lori la tani 40 linaposimamishwa mara moja kutoka kasi ya kilomita 80 kwa saa, breki hubeba kiasi fulani cha joto. Lori hilo hilo likishuka mteremko ambao kilele chake kiko mita 300 juu ya kitako, nguvu inayopaswa kuondolewa ni takriban mara 12 ya kiasi hicho. Ingetosha kuchemsha takriban lita 350 za maji baridi.

Breki zikiachiwa mzigo huo wote peke yake, mambo mawili hutokea. Kwanza, sehemu ya kiatu inayosugua dramu hupoteza ukali wake inapopata joto kupita kiasi, na huanza kuteleza badala ya kushika. Pili, dramu yenyewe hutanuka kwa joto na kujitenga na viatu, hivyo viatu hulazimika kusafiri mbali zaidi kabla ya kuigusa. Dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote lakini gari halisikii.

Kasi nayo huzidisha hatari. Gari linapoongeza kasi maradufu, nguvu inayotakiwa kulisimamisha haiongezeki mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana mteremko ambao dereva angeweza kuumudu kwa kilomita 30 kwa saa huwa haumudiki kabisa kwa kilomita 60.

Hewa ikiisha

Malori mengi makubwa hutumia breki za hewa. Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza hewa kwenye matangi, na hewa hiyo ndiyo husukuma breki za kichwa cha lori na za trela. Paipu mbili huunganisha kichwa na trela: moja hupeleka hewa ya kujaza matangi ya trela, nyingine hubeba amri ya dereva anapokanyaga pedali.

Wengi hudhani kwamba hewa ikivuja lori hukimbia ovyo. Mfumo huu uliundwa kuzuia hilo hasa. Paipu ya kujaza matangi ikikatika, breki za trela hufunga zenyewe. Kadhalika, magurudumu ya nyuma ya kichwa huwa na springi zenye nguvu ambazo huzuiwa na hewa; shinikizo la hewa likishuka mno, springi hizo hufyatuka na kufunga breki. Kabla ya kufikia hapo, taa au king'ora ndani ya kabini humwonya dereva.

Hata hivyo, kinga hiyo ina kikomo ambacho madereva wengi hawakijui. Springi hizo hutumia viatu vile vile na dramu zile zile. Ikiwa tayari zimepata joto na kutanuka, au ikiwa breki hazikukazwa na fundi ipasavyo, springi nazo hazitasimamisha lori. Kwa hivyo, kuvuta breki ya kuegesha baada ya breki za kawaida kuungua mara nyingi ni kubisha mlango ambao hauna mtu ndani.

Zaidi ya hayo, wapo wanaoziba paipu za trela ili breki zinazovuja zisiwacheleweshe safarini, au wanaozifunga springi kwa boliti zisifyatuke. Anayefanya hivyo huwa ameiondoa kinga ya mwisho kwa mikono yake mwenyewe, na uzito wote wa trela huachiwa breki za kichwa pekee.

Uongo wa gia huru

Sehemu ya barabara kati ya Mau Summit, Sachangwan na Salgaa imejijengea sifa mbaya kwa miaka mingi. Msafiri anayetoka Eldoret hupitia Timboroa, ambako mwinuko ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kushuka hadi Nakuru iliyo kwenye mita 1,850 hivi. Sehemu kubwa ya mshuko huo hukutana na dereva akiwa amechoka, na mara nyingi ni usiku.

Tabia moja imekuwa ikilaumiwa sana na maafisa wa usalama barabarani katika eneo hilo: kuteremka kwa gia huru. Dereva huitoa gia, akaliacha lori liserereke kwa uzito wake, kwa imani kwamba anaokoa dizeli.

Imani hiyo haina msingi kwa magari ya kisasa. Injini ya kisasa ya dizeli inapoteremka ikiwa ndani ya gia huku dereva ameondoa mguu kwenye kichapuzi, magurudumu ndiyo huizungusha na mfumo hukatiza dizeli kabisa. Ikiwekwa kwenye gia huru, injini hulazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Anayedhani anaokoa ndiye anayepoteza.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba gia huru huinyima gari breki ya injini. Injini iliyo ndani ya gia ndogo hukataa kuzungushwa upesi, na ukinzani huo hulishika gari bila kuchosha viatu vya breki. Lori likishapata kasi likiwa gia huru, ni vigumu mno kuirudisha gia, kwani mzunguko wa injini na wa magurudumu huwa haulingani tena. Dereva hubaki na breki za magurudumu pekee, ambazo nazo zinaungua.

Kabla ya kuteremka

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya breki huanza kabla ya funguo kutiwa. Dereva anapaswa kukagua paipu za hewa kama zimechakaa, kusikiliza sauti ya kuvuja, kumwaga maji yaliyokusanyika ndani ya matangi, na kuhakikisha king'ora cha hewa kinafanya kazi.

Kisha ajaribu breki za trela peke yake. Katika malori yenye kifaa cha kufunga breki za trela pekee, avifunge na kulivuta lori polepole kwa gia ndogo. Trela likikubali kwenda bila kipingamizi, safari isianze.

Mzigo nao una uzito wake katika habari hii, kwa maana zote mbili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu udhibiti wa uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa magari makubwa zaidi. Kikomo hicho hutajwa sana kama njia ya kulinda lami, lakini hulinda maisha pia. Kila tani iliyoongezwa kwa siri ni joto zaidi ambalo breki hazikuundwa kulibeba.

Akifika kileleni, dereva achague gia akiwa bado juu, si akiwa katikati ya mteremko. Kanuni ya wazee wa usukani ingali na maana: teremka kwa gia ile ile ambayo ungetumia kuupanda mlima huo, au ndogo kuliko hiyo. Kama lori lina breki ya ekzosi, iwashwe mapema, isipokuwa barabara ikiwa na utelezi unaoweza kuyafanya magurudumu yaburutike.

Breki za magurudumu zitumike kusaidia injini. Njia inayofundishwa madereva wa malori katika nchi nyingi ni kuchagua kasi salama, tuseme kilomita 40 kwa saa. Lori likifika kasi hiyo, dereva akanyage breki kwa uthabiti hadi ishuke kwa kilomita nane hivi, kisha aziachilie kabisa zipoe. Kasi ikirudi 40, arudie. Kuweka mguu juu ya pedali bila kuutoa, hata kwa wepesi, ndiko kunakounguza breki.

Harufu ya kuungua, moshi unaotoka magurudumuni, na pedali inayohitaji kukanyagwa zaidi kila mara ni dalili za hatari. Dereva anayezipata asingoje kufika kituoni. Asimame mara moja angali anaweza kusimama.

Breki zikikataa

Licha ya tahadhari zote, siku inaweza kufika pedali ikakataa. Hapo jambo la kwanza ni kutozima injini. Injini ikizimwa, usukani huwa mzito, kompresa huacha kutengeneza hewa, na nguvu ya injini kulizuia gari hupotea. Katika magari madogo, kuondoa funguo kunaweza hata kuufunga usukani.

Pili, dereva abaki ndani ya gia na kushuka gia moja baada ya nyingine kadiri injini inavyoruhusu. Asiguse gia huru kwa vyovyote vile. Kwa gari la gia za kujiendesha, achague gia ya chini, hatua kwa hatua.

Tatu, ajue aina ya breki zake. Katika gari dogo linalotumia mafuta ya breki, kukanyaga na kuachilia pedali upesi mara kadhaa kunaweza kurejesha shinikizo. Katika lori la breki za hewa, kufanya hivyo ni kosa, kwani kila mkanyago humaliza hewa iliyobaki. Hapo dereva akanyage kwa uthabiti na kushikilia.

Nne, breki ya mkono ya gari dogo ivutwe polepole, kidole kikiwa kwenye kitufe ili iweze kulegezwa endapo magurudumu yataanza kuburutika. Ikivutwa kwa ghafla, sehemu ya nyuma ya gari inaweza kuzunguka na trela likaja mbele. Kwa lori, magurudumu ya nyuma ya kichwa yakijifunga ghafla, trela hukisukuma kichwa upande na gari zima hujikunja katikati.

Tano, awaonye wengine. Taa zote ziwashwe, honi ipigwe bila kukoma. Kwa waliomo barabarani, sekunde tano za onyo zaweza kuwa tofauti kati ya kuishi na kufa.

Sita, aamue mapema atakapoliachia gari. Mwinuko, barabara ya kando inayopanda, shamba lililolimwa, mchanga au ukingo wa udongo uliokatwa mlimani ni afadhali kuliko kuendelea. Kulisugua gari ubavu kwenye ukingo huo kidogo kidogo hupunguza kasi bila kulisimamisha kwa kishindo. Uamuzi huo ufanywe kasi ingali ndogo. Anayengoja akitumaini kwamba breki zitarudi hukuta mji mbele yake, na mjini ndiko kwenye watu.

Hatimaye, gari na mizigo hulipwa. Dereva anayesita kuliharibu lori kwa kuhofia ghadhabu ya tajiri wake anapaswa kukumbuka kwamba hakuna bima inayorudisha uhai. Na tajiri anayestahili kuitwa mwajiri angelimwambia hivyo kabla ya safari.

Pikapu na trela dogo

Wakulima, wavuvi na watalii wanaovuta matrela madogo, mashua au nyumba za magurudumu huona kwamba haya ni ya madereva wa malori. La hasha. Breki za pikapu ziliundwa kulisimamisha pikapu na mzigo wake. Trela lisilo na breki huongeza uzito unaosukuma kutoka nyuma, bila kuongeza chochote kinachozuia.

Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka viwango viwili vya uzito wa kuvuta, kimoja cha trela lenye breki na kingine cha trela lisilo nazo. Katika pikapu nyingi, kiwango cha trela lisilo na breki ni kilo 750 pekee, na uzito wa trela lenyewe umo ndani ya hesabu hiyo.

Mafuta ya breki nayo huzeeka. Huvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu huo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia unyevu yanaweza kuchemka kwenye 155 hivi. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni bila kushika chochote. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo.

Trela likianza kuyumba kushoto na kulia, dereva asiongeze kasi wala kukanyaga breki kwa pupa. Aondoe mguu kwenye kichapuzi, aushike usukani imara bila kupigana nao, na kama trela lina breki zinazoweza kufungwa peke yake, azifunge taratibu ili trela livutwe nyuma na kunyooka.

Baada ya kusimama

Gari likisimama, hatari haijaisha. Magurudumu yazuiwe kwa mawe au vigingi kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Breki zilizoungua zisimwagiwe maji, kwani dramu yenye joto kali inaweza kupasuka. Dereva akae chonjo, maana joto linaweza kuwasha tairi dakika kadhaa baada ya kusimama. Safari isiendelee hadi fundi akague, hata kama pedali inaonekana imepona ilipopoa.

Vibao vya pembetatu viwekwe mbali nyuma ya gari. Mawe na matawi yaliyotumika yaondolewe baadaye, kwani yameua waendeshaji pikipiki usiku.

Si dereva pekee

Sheria ya Trafiki inataka kila gari liwe katika hali nzuri ndipo liingie barabarani, na magari ya biashara hupaswa kukaguliwa kila mwaka. Lakini ukaguzi wa siku moja hauwezi kuchukua nafasi ya matengenezo ya mwaka mzima. Mwenye lori anayemlipa dereva kwa idadi ya safari, au anayemnyima pesa za viatu vipya vya breki, ni mshirika katika ajali ambayo haijatokea.

Baada ya mkasa wa Migaa, vizuizi viliwekwa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka katika sehemu ya Salgaa. Hatua hiyo huzuia kugongana ana kwa ana, lakini haizipozi breki. Barabara za milimani katika mataifa mengine huwa na njia za dharura zilizojazwa kokoto laini, ambamo lori lililokosa breki huzama na kusimama. Njia kama hizo ni sehemu ya barabara, si pambo.

Vilevile, mkasa wa Londiani uliwakumbusha Wakenya kwamba soko lililo chini ya mteremko hukaa kwenye njia ya kila lori litakalokosa breki. Wachuuzi hukaa hapo kwa kuwa ndipo wateja walipo. Kuwafukuza bila kuwapa mahali pengine penye biashara ni kuwaalika warudi wiki inayofuata.

Hadi hayo yatakapotekelezwa, dakika tano za kusimama kileleni, kuzunguka lori na kugusa kwa jicho kila gurudumu zinabaki kuwa kinga ya bei nafuu kuliko zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku barabarani ukuta huo umekuwa ukijengwa kwa makaburi.